Bendera ya kuchorwa kwa mkono: niliagiza moja, ikaja ya nyuma

Tangu mdogo wangu aitundike ile picha sebuleni kwake New Jersey na kuirusha kwenye magrupu ya familia, simu yangu haijapumzika, dada umeitoa wapi, bei gani, na mimi naweza kupata, kwa hiyo naandika hapa mara moja yaishe. Fundi sitamtaja wala kibanda chake, maana kuna mambo kaniudhi na sitaki aanze kupigiwa simu na watu, ila ni upande wa Kinondoni, na wachoraji wa aina yake Dar wapo wengi tu, haya yatakusaidia kwa yeyote utakayemwendea.

Nilichoagiza ni bendera ya Tanzania ya kuchorwa, staili ya Tingatinga, sentimita 90 kwa 60, rangi ya mafuta juu ya kitambaa. Laki na themanini, nikatoa laki kwanza, iliyobaki siku ya kuchukua. Na sharti langu lilikuwa moja, kila rangi aijaze kile ambacho wote tulikariri shule ya msingi: kijani ardhi na mimea, nyeusi watu, bluu bahari na maziwa na mito, njano madini. Si unakumbuka mwalimu anauliza nyie mnaitikia kwa pamoja kama wimbo mpaka mnasinzia. Mi nimeitikia miaka saba na sikumbuki hata siku moja kuiangalia bendera yenyewe pale mstarini, nilikuwa naangalia kisogo cha wa mbele yangu.

Kwanini sikununua ya dukani? Niliifikiria. Kariakoo unapata bendera ya kitambaa kwa hela ndogo tu, ila zile huwa unaangalia mara moja halafu inageuka pazia. Nikafikiria na bangili za shanga, zile Wakenya wanavaa kuanzia mbunge mpaka dereva wa matatu, na Mkenya wa ughaibuni bila ile bangili sijui kama anaruhusiwa kushuka kwenye ndege. Nazipenda aisee. Ila ukiisogeza karibu na macho unaona ile ngao na mikuki ya katikati imekuwa shanga nne tano nyekundu zimejibana, umeambiwa ni ngao basi unakubali. Shanga haina nafasi ya kusema kitu kirefu. Mdogo wangu naye alishatoa tamko, "dada nitumie bendera lakini isiwe kitu cha kufungia mzigo". Sisi tumekulia Ujiji, Kigoma, na huyu mtoto toka aondoke anaota ziwa, kwa hiyo nikajua anataka nini hata kama hakusema.

Ndo nikaenda kwa fundi. Kama hujui Tingatinga ilivyoanza, Edward Saidi Tingatinga alikuwa mtu wa Tunduru, alianza kuchora hapa Dar 1968, vibao vya silingibodi na rangi za kupakia baiskeli, akawa anauza Oysterbay pale Morogoro Stores kwa wazungu. Miaka minne tu, 1972 akapigwa risasi na polisi kimakosa usiku, akafa. Waliomfuata wengi ni ndugu zake na watu wa kusini huko huko na mpaka leo rangi ni ile ile ya kung'aa ya makopo, inayokauka pale inapojisikia. Hilo la kukauka liweke akilini.

Fundi wangu naye ni wa kusini, Masasi. Kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, anaongea huku anachanganya rangi kwenye mfuniko wa ndoo. Kabla hata hajapokea hela akaniuliza swali nikaliona la kipuuzi, "dada, mlingoti uko wapi?" Nikamwambia kaka hakuna mlingoti, ni picha ya ukutani. Akatingisha kichwa kama kaelewa. Ningejua ningekaa chini nimchoree kwenye mchanga.

Halafu tukagombana kidogo kuhusu maandishi. Mi nilitaka kule chini kwenye bluu aandike jina la mdogo wangu na "tunakusubiri nyumbani". Akakataa. "Dada, bendera haiandikwi." Nikamwambia hii si bendera ni picha ya bendera, akasema kwangu mimi nikishaweka hizi rangi nne kwa mpangilio huo ni bendera, na sheria ya nembo za taifa ipo, asije mtu akaniuliza. Nikabishana weee, mwisho tukakubaliana atayaandika nyuma ya kitambaa, kule ambako ukuta tu ndo utasoma. Kwa kweli hapo nilimheshimu. Nimeshaona watu wanachapa bendera mpaka kwenye malapa, huyu anaogopa kuandika jina la mtoto wa watu.

Aliahidi siku kumi. Ilikuwa wiki ya tatu ndo akanipigia, dada njoo.

Nafika, kaitundika nje kwenye msumari, na kwa mbali nikasema mashallah. Rangi inawaka. Kijani kimejaa mikorosho, si mikorosho ya kubuni, ile yenyewe matawi yanaburuza chini, na kila bibo jekundu limechorwa na korosho yake inaning'inia kwa chini, ukihesabu unapata mabibo arobaini na kitu. Kuna mwanamke anaokota na kikapu. Kuna twiga pia, sikuomba twiga, nadhani mkono wake umeshazoea watalii hauwezi kumaliza kijani bila twiga. Sawa. Nikaenda kwenye bluu, kuna ngalawa, kuna pweza, kuna samaki wengi wa mviringo wekundu wekundu. Nikamuuliza hawa nani, akasema changu. Nikasema kaka mi nilikwambia ziwa, Kigoma, migebuka, akasema dada samaki si samaki. Hapo nikatoa simu nikamwonyesha mgebuka, mwembamba, mrefu, wa fedha, akamwangalia kwa huruma kama anaangalia mgonjwa.

Lakini hiyo ilikuwa ndogo. Kitu kilikuwa kinanisumbua kwenye ile picha na sijui ni nini, kama umevaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikainamisha kichwa. Kumbe mkanda unashuka! Unajua bendera yetu ule mkanda mweusi unaanzia kona ya chini kushoto, kule kwenye mlingoti, unapanda mpaka kona ya juu kulia, kijani kinakaa juu upande wa mlingoti na bluu inakaa chini upande unaopepea. Yeye kauanzia juu kushoto ukaja mpaka chini kulia. Kijani kipo juu kulia, bluu chini kushoto.

Nikamwambia fundi, umeigeuza.

Akaiangalia. Akaiangalia tena. Halafu kwa utulivu kabisa akasema, "hapana dada, haijageuka, hii umeiangalia kutoka nyuma."

Jamani. Nilitaka kucheka na nilitaka hela yangu kwa wakati mmoja. Maana ukikaa ukafikiri, ana hoja. Bendera ina pande mbili, ukisimama upande wa pili wa mlingoti ndo unaiona hivyo hivyo, mkanda unashuka, kijani kulia. Akaniambia ndo maana nilikuuliza mlingoti uko wapi ukasema hakuna, bila mlingoti mi nitajuaje umesimama upande gani? Nikamwambia kaka, hakuna mtu duniani anaagiza picha ya nyuma ya kitu, ukimchora mtu unachora uso au kisogo? Akasema inategemea na mtu.

Kulikuwa na mzee mmoja amekaa kwenye benchi anasubiri kibao chake cha duka kikauke, alikuwa kimya muda wote, ndo akaingilia. "Kijana, mrudishie binti bendera yake ya mbele." Halafu kwa kuwa mi nilikuwa nishapata upepo nikaanza kutoa maagizo mapya, nikasema basi ukirudia weka na mlima Kilimanjaro na bendera juu kileleni, kama ile Nyirenda, yule mwanajeshi, aliyoipandisha usiku wa uhuru, 1961. Mzee akanigeukia mimi sasa. "Binti yangu, ile haikuwa hii. Ile ya mlimani ilikuwa ya Tanganyika, imelala hivi," akachora hewani kwa mkono, "kijani, nyeusi katikati, kijani, na vistari vya njano. Bluu imekuja na Zanzibar." Na ni kweli bana, mi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuliunganisha hilo. Usiku ule wa kuamkia tarehe 9 Desemba hapakuwa na Tanzania. Muungano ni Aprili 1964, na hii bendera ya mshazari ikaja mwaka huo huo, wakachukua kijani na nyeusi na njano za Tanganyika, wakachukua bluu ya Zanzibar ambayo ilikuwa na bluu, nyeusi na kijani za ASP, kile chama cha Afro-Shirazi, ndo wakaziweka mshazari. Nyeusi na kijani zilikuwa kote kote. Zanzibar yenyewe ilirudisha bendera yake 2005, zile rangi tatu za kulala na hii ya Muungano imekaa padogo pale kona ya juu.

Kwa hiyo fundi akapata kazi ya ziada ambayo sikuilipia na nitamshukuru milele. Kwenye ile ya pili, ndani ya kijani kuna Kilimanjaro ndogo, na kileleni kuna bendera ndani ya bendera, saizi ya kucha ya kidole kidogo, imelala, ina vistari vyote vya njano. Nimeiangalia kwa kioo cha kukuzia cha mama yangu, kile cha kusomea Msahafu. Vistari vipo.

Akaniambia sitakuongezea bei kwa sababu nimekosea, na kwenye nyeusi nitakuwekea kitu. Kwenye ile ya kwanza nyeusi ilikuwa nyeusi tu, mkanda umepita. Nikamuuliza kitu gani, akasema utaona.

Wiki mbili nyingine. Ikafika siku ambayo shemeji yangu alikuwa anasafiri na angeweza kuibeba, nikaenda kuichukua kwa lazima, fundi anasema dada bado laini hii, ipe siku nne, mi nasema ndege haisubiri rangi. Tukaifunga na gazeti. Hapa kosa ni langu naandika wazi. Ila yeye fundi, angekataa! Alivyokataa maandishi angekataa na hili.

Kabla ya kufunga nikaikagua. Mkanda unapanda, sawa. Kijani juu kushoto, sawa. Migebuka wapo, wamepangana wembamba kama sindano, na MV Liemba imekaa katikati ya maji na bomba lake la moshi. Liemba kwa watu wa Kigoma si meli, ni ndugu wa ukoo, Wajerumani waliiunda 1913, wakaizamisha wenyewe 1916 wasije wakaporwa, Waingereza wakaiopoa 1924, ikarudi kazini. Meli iliyokaa chini ya ziwa miaka kadhaa halafu ikatubeba sisi na magunia ya mawese. Fundi kaichora mpaka na mtu anatapika pembeni, hilo nililisimulia tu kama stori sikuomba lichorwe.

Njano nayo nusura nisahau, na ndipo alipofanya akili. Mistari ya njano ni myembamba, kwenye picha ya saizi ile ni kama upana wa vidole viwili, watu wengi wanapiga rangi wanapita. Yeye kaijaza wachimbaji. Msururu wa vijana kama siafu, kila mmoja ana tochi kichwani na kiroba mgongoni, wanatoka kona ya chini mpaka kona ya juu, wamebanwa kati ya weusi na kijani upande mmoja na kati ya weusi na bluu upande wa pili. Nikamuuliza hawa wa Geita au Mererani, akasema wa upande wa kijani wa Geita, wa upande wa bluu ni wanaapolo wa Mererani kwa sababu tanzanaiti ni bluu. Nikakosa la kusema. Madini shuleni tuliyaimba kama vile yanajichimba.

Halafu nikaangalia nyeusi. Nyeusi tupu. Nikamwambia fundi ulisema utaweka kitu. Akasema nimeweka. Nikasema sioni. Akasema utaona, hapa kuna kivuli. Nikaondoka nimenuna, nikajua hapa nimepigwa, nikampigia mdogo wangu simu ya video usiku ule kumwonyesha, naye akasema hivyo hivyo, nzuri sana dada, ila mbona watu wetu hawapo?

Shemeji akaahirisha safari. Ile ahirisha ndo iliniokoa. Asubuhi naamka saa moja hivi, jua linaingia dirishani kwa chini, picha nimeiegemeza kwenye kabati, natoka chumbani na kikombe cha chai na nikasimama. Ule mkanda umejaa watu.

Amefanyaje: kapaka mkanda wote kwa nyeusi isiyong'aa, kama masizi, halafu juu yake akachora watu kwa nyeusi ile ile ila ya kung'aa. Nyeusi juu ya nyeusi. Ukisimama mbele na taa imekupiga machoni huoni kitu. Mwanga ukija kwa ubavu, wanatokea. Mama na ndoo kichwani na mkono mmoja umeishika. Bodaboda amebeba abiria watatu. Watoto wawili na mabegi ya shule yanayowazidi. Mzee na bakora, na mimi nina hakika ni yule yule wa kwenye benchi, ana koti lile lile. Wanapanda wote na mkanda kuelekea juu kulia, kama foleni, na hakuna mwenye uso, ni miili tu na namna wanavyosimama, lakini yule wa ndoo namjua. Unasogea hatua moja wanazimika. Unarudi wanawaka. Chai ilipoa.

Nimejaribu kupiga picha na simu kwa kila namna, flashi, bila flashi, dirishani, nje. Haitoki. Inatoka nyeusi tupu. Kwa hiyo wote mnaoniomba niwatumie picha muone kama inafaa, nawaambia mapema kile kitu kinachofaa kwenye ile picha hakitumiki kwa simu, mtaona mikorosho na twiga.

Mdogo wangu alipoipata ndo akaanza na yake. Kakaa Marekani muda sasa na siku moja rafiki zake walimpeleka New York kwenye jumba la sanaa, MoMA, akaona bendera ya Marekani iliyochorwa na Jasper Johns, ya 1954 na 1955. Bendera nzima, hakuna kingine, ina nyota 48 kwa sababu Alaska na Hawaii zilikuwa bado hazijaingia. Anasema watu wanabishana mpaka kesho kama ile ni picha au ni bendera yenyewe, nikamwambia hilo sisi tulishalimaliza Kinondoni, fundi kasema haiandikwi. Na kuna mwingine, David Hammons, 1990 akaichukua hiyo hiyo ya Marekani akaibadilisha rangi ikawa nyekundu, nyeusi na kijani, zile rangi za Marcus Garvey, mtetezi wa watu weusi, za 1920. Nyekundu damu, nyeusi watu, kijani nchi, sawa na Wakenya wanavyosoma ya kwao ukiacha ule mweupe wa amani. Huku na huku nyeusi ni watu. Mdogo wangu akaniuliza sasa wao waliwaweka wapi hao watu ndani ya nyeusi? Sikuwa na jibu, mi nimemwona mchoraji mmoja tu aliyejaribu.

Turudi kwenye gazeti. Picha nilikuwa nimeirudishia gazeti lake, na siku shemeji alipokuwa anasafiri kweli, tukaifungua tuiviringishe, na kwenye kona ya chini kulia, kwenye bluu, gazeti liliganda. Lilitoka na ngozi yake lakini likaacha maandishi, yapo kinyume kama ya kwenye kioo, ukiweka kioo unasoma "kiwanja kinauzwa" na nusu ya namba ya simu. Nililia kidogo, sifichi. Nikampigia fundi anieleze nikwangue na nini, mafuta ya taa au nini, mara mdogo wangu akasema usiguse, usikwangue kitu! Kumbe huyo Johns gazeti aliliweka makusudi. Alianza bendera yake na rangi ya kupakia nyumba, ikawa inachelewa kukauka inamkera, akahamia kwenye nta ya nyuki iliyochanganywa rangi, anachovya vipande vya gazeti kwenye nta anabandika, ukisogea karibu unasoma matangazo chini ya mistari. Nilivyomsimulia fundi kwamba kuna mzungu naye rangi ilimgomea kukauka akapata umaarufu, akafurahi sana, akasema "unaona dada". Sijui nimeona nini. Kiwanja bado kinauzwa pale kona ya chini karibu na Liemba.

Sasa kwa wanaotaka kuagiza. Kazi ya mkono nampa fundi wangu alama zote, muda nampa sifuri, siku kumi ikawa wiki tano. Kitambaa ni amerikani nzito aliyoipaka nyeupe kwanza, akaivuta kwenye mbao, haijalegea mpaka leo. Jina lenyewe amerikani, limetoka kwenye vitambaa vilivyokuja na meli za Wamarekani zamani hizo, na sasa kimerudi kwao kimebeba mgebuka. Usiichukue kabla ya wiki nzima ya kukauka hata ulie vipi. Ukiisafirisha itolewe kwenye mbao, iviringishwe rangi ikiwa nje si ndani maana ikiwa ndani inajikunja inapata nyufa, iingizwe kwenye bomba la plastiki la maji, fundi bomba yeyote anakukatia kipande. Kila kitu unachotaka kimo ndani peleka na picha yake, samaki hasa. Twiga utawekewa tu, usihangaike. Na mambo ya kulia kushoto mchoree kwenye karatasi, weka na mlingoti, hata kama utaonekana unamfundisha kazi.

Juzi nimepita kumlipa elfu kumi na tano ya bomba niliyokuwa nadaiwa. Ile ya kwanza bado anayo, ile ya nyuma, imetundikwa juu ya friji la soda la jirani na changu wake wote, bei kashusha mpaka laki na ishirini. Nikamuuliza mbona hujaifuta uchore simba uuze. Akasema haifutwi, ina mtu, kuna mama ana saluni kaja kaiona kaipenda hivyo hivyo ilivyo, mwisho wa mwezi anakuja kuichukua, ataitundika ukuta wa nyuma, mkabala na kioo.